Kijana Asiyejua Kesho Yake

Liko swali moja ambalo vijana wetu huulizwa kuliko maswali yote, nalo huulizwa kwa nia njema. Mjomba aliyekuja kusalimu huliuliza, jirani huliuliza akipita uani, na katekista huliuliza nje ya kanisa baada ya Misa: "Je, mwanangu, wewe utakuwa nani?" Mtoto wa miaka 7 hujibu upesi: atakuwa rubani, au daktari, au dereva wa basi kubwa. Kijana wa miaka 22 husita, hutazama chini, kisha hutoa jibu ambalo yeye mwenyewe haliamini. Mtoto aliulizwa kama mtu anayealikwa kucheza. Kijana ameulizwa kama mdaiwa.

Yafaa leo tulitazame swali hilo lenyewe kabla ya kumlaumu anayeshindwa kulijibu. Maana twasikia katika nyumba nyingi kwamba vijana wa siku hizi hawana msimamo, hawajui watakalo, leo wako huku na kesho wako kule. Huenda wengine wako hivyo kweli. Lakini si kila asiyejua ni mvivu wa kufikiri, wala si kila ajibuye haraka ni mwenye hekima. Sisi twashikilia kwamba kutojua mambo yako ya mbele, ungali kijana, si ugonjwa wa kutafutiwa dawa wala dhambi ya kuungamwa. Ni hali halali ya mtu aliye huru, nasi tungependa kueleza kwa nini.

Hali ya mambo wasomaji wetu waijua. Hapa Tanzania, kwa miaka mingi, aliyemaliza chuo cha ualimu alingoja tu kutangaziwa kituo. Serikali ilimpangia shule, naye akafunga mizigo yake na kwenda. Desturi hiyo ilikoma katikati ya miaka ya 2010, na tangu hapo mwenye shahada ya ualimu huomba kazi na kushindana kama wengine. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, walioomba walipita 135,000. Gawanya mwenyewe, msomaji: kwa kila nafasi moja watu zaidi ya 80. Wazazi wengi waliosoma zamani hawakuionja hesabu ya namna hii. Wao walipita katika njia iliyokuwa na vibao, nao huwakemea watoto wao kwa kutoviona vibao ambavyo vilikwisha kung'olewa.

Sasa tutoke kidogo katika habari za ajira, twende kwenye falsafa. Mwanafunzi wa seminari kuu hukutana mapema na fumbo moja la kale. Aristotle, mwenye hekima wa Ugiriki aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, aliuliza hivi: mtu mmoja akisema leo kwamba kesho kutakuwa na vita baharini, na mwingine akisema kwamba havitakuwapo, ni yupi kati yao asemaye kweli sasa hivi? Ukijibu kwamba mmoja wao amekwisha kusema kweli tangu leo, basi vita hivyo vimekwisha kuamuliwa, na majemadari wanaoshauriana usiku kucha wanajisumbua bure. Aristotle hakukubali neno hilo. Ni lazima vita viwepo au visiwepo, alisema. Lakini lipi kati ya hayo mawili litakuwa, jambo hilo halijakatwa bado. Ndiyo maana watu hushauriana, hupima, hujitahidi.

Fumbo hilo laweza kuonekana kuwa la wasomi wasio na kazi. Lamhusu sana, hata hivyo, binti aliyekaa nyumbani na cheti chake ndani ya bahasha. Sisi watu huwa na tabia ya kusema juu ya maisha ya mbele kana kwamba ni barua iliyokwisha kuandikwa na kufungwa, na kijana asiyejua yaliyomo ni mtu ambaye hajaifungua. Basi na ajitahidi kuifungua, au atafute mtu wa kumsomea! Lakini barua ya namna hiyo haipo. Sehemu yake kubwa haijaandikwa, na mmoja wa waandishi wake ni yeye mwenyewe. Asemapo, "Sijui nitakuwa nani," hakosi ujuzi fulani ambao wenzake wanao. Anasema kweli juu ya jambo ambalo halijawa.

Mkristo atauliza mara moja: Je, Mungu hajui? Anajua. Boethius alilifikiri jambo hilo gerezani, akiwa anangoja kuuawa, yapata mwaka 524, wala si rahisi kupata mtu aliyekuwa na haki kuliko yeye ya kuuliza juu ya kesho. Alijibu kwamba Mungu haoni mambo yakifuatana mstarini kama sisi, bali huyaona yote pamoja, kama sisi tunavyoona yaliyo mbele ya macho yetu sasa. Nami nikimwona mtu anatembea, macho yangu hayamlazimishi kutembea. Mtakatifu Thomas Aquinas aliifuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo Maongozi ya Mungu si ratiba iliyofungiwa kabatini, ambayo kijana aweza kuichungulia kama atasali kwa nguvu za kutosha. Mara nyingi kijana huambiwa, "Wewe sali tu, Mungu atakuonyesha." Vema, asali. Lakini asidhani kwamba Mungu akinyamaza ameghadhibika. Pengine anamngoja kijana mwenyewe aamue.

Twasisitiza neno hili kwa kuwa ni juu ya kosa hilo ndipo biashara kubwa hufanyika. Aaminiye kwamba barua ipo atalipa ili asomewe. Wapo wapiga ramli wa siku zote, na sasa wapo pia wanaojiita manabii, wamtajiao msichana herufi ya kwanza ya jina la mume wake, kisha wakamwuzia chupa ya mafuta. Yupo wakala asemaye kwamba ana kazi nzuri Uarabuni, ila mkataba utasomwa baada ya kufika. Upo na mkeka wa kubeti katika simu. Watu husema kijana hubeti kwa tamaa ya fedha, nasi hatukatai. Lakini twadhani pia ni uchovu wa kungoja. Kwa dakika 90 za mpira kesho yake huwa na saa ya kwisha, naye atajua. Kujua, hata kujua kwamba umepoteza, humpumzisha mtu aliyechoka. Ndipo mashine hiyo inapomshika.

Kinyume cha huyo ni yule asiyefanya neno lolote mpaka ahakikishiwe. Amesomea uhasibu, basi hataki kushika jembe katika shamba la mama yake, asije akaonekana kwamba amekata tamaa ya uhasibu. Miaka miwili yapita, kisha mitatu. Huyu naye, bila kujua, aamini kwamba barua ipo. Tofauti yake na mcheza kamari ni kwamba yeye hakubali kuifungua kwa nguvu, anangoja iletwe mlangoni.

Kanisa lenyewe, tukilitazama vizuri, halimdai kijana ajue mapema. Sheria yake yataka masomo ya falsafa na teolojia ya mtu anayejiandaa kwa upadre yasipungue miaka 6 mizima. Kwa watawa yataka unovisi usiopungua miezi 12, kisha nadhiri za muda kwa miaka isiyopungua 3, kabla ya nadhiri za daima. Kwa nini muda huo wote? Si kwa ajili ya vitabu tu. Kanisa limejifunza kwamba mtu hajijui kwa kukaa na kujiuliza, bali kwa kujaribu kuliishi jambo lenyewe, mbele ya walezi wenye ruhusa ya kumwambia "hapana," naye mwenyewe akiwa na ruhusa ya kuondoka. Mlango wa seminari hufunguka pande mbili, nao ulitengenezwa hivyo kwa makusudi.

Lakini hutokea nini katika parokia zetu? Kijana aingiapo mwaka wa kwanza wa falsafa, kijiji kizima chaanza kumwita Padre. Mama yake hupewa kiti cha mbele. Ng'ombe wa sherehe ya upadrisho hutengwa kabla kijana hajafanya hata mtihani mmoja. Baada ya miaka mitatu, kwa moyo mnyofu na kwa shauri la mlezi wake wa kiroho, aona kwamba wito wake ni mwingine. Hapo hapana dhambi yoyote. Miaka ile imefanya kazi iliyowekewa. Walakini kijana huyo hurudi nyumbani usiku, ili asionwe. Shangazi asema amefukuzwa. Baba hasemi neno, na kunyamaza kwake ni kuzito kuliko maneno ya shangazi. Wengine, wakiyaogopa hayo, hawarudi. Huendelea mbele na shaka waliyoificha chini ya kanzu. Afadhali vijana mia moja warudi nyumbani mchana kweupe kuliko mmoja kuweka ahadi za maisha kwa kumwogopa ng'ombe.

Ni vivyo hivyo kwa binti ambaye kadi za michango ya harusi yake zimekwisha kugawanywa. Matangazo ya ndoa yasomwa kanisani, naye wiki hiyo hiyo agundua jambo zito juu ya mchumba wake. Atamwambia nani, wakati ukumbi umelipiwa? Kanisa limemwekea nafasi ya kusema "bado sijui". Jamaa zake wameijaza nafasi hiyo viti vya plastiki.

Sasa, kama hatutaki kamari wala hatutaki kulala, twataka nini? Wakulima wa Dodoma wanajua zaidi ya vitabu vyetu. Mvua za kwao ni za msimu mmoja, aghalabu tangu Desemba hata Aprili, nazo huja au huchelewa zitakavyo. Wako wapandao mbegu katika udongo mkavu kabla tone la kwanza halijaanguka, ili mvua ya kwanza isiwapite. Mwulize mkulima huyo kama anajua kwamba mvua itanyesha juma lijalo, atakucheka. Hajui. Lakini tazama tena: hakumwaga mbegu zote. Nyumbani amebakiza kibuyu kimoja, kwa maana mvua ya kwanza ikidanganya na miche ikakauka, atapanda mara ya pili. Tena kando ya mahindi amepanda mtama, unaovumilia ukame. Mtu huyu hana uhakika, wala haungoji uhakika, wala hakuuchezea bahati nasibu unga wa watoto wake.

Mtakatifu Thomas alifundisha kwamba busara hushughulika na mambo yawezayo kuwa hivi au vile, na kwa hiyo uhakika wake hauwezi kuwa mkubwa hata kuondoa hangaiko lote. Twamshukuru kwa neno hilo. Vijana wengi hudhani kwamba wangekuwa na imani ya kutosha wasingehangaika kabisa, kisha huhangaika mara mbili: kwa ajili ya kesho, na kwa ajili ya kuhangaika kwenyewe. Bwana wetu alitukataza kusumbukia ya kesho hata kusahau kwamba tuna Baba. Hakumkataza mkulima kubakiza kibuyu.

Katika historia ya watakatifu mfano tuupendao ni wa Ignatius wa Loyola. Alitaka kuwa askari mwenye sifa. Mwaka 1521 risasi ya mzinga ilimvunja mguu huko Pamplona, na kwa majivuno yake akakubali kukatwa mfupa tena ili mguu uonekane vizuri ndani ya buti. Alipoongoka alijua, au alidhani anajua, maisha yake yote: angeishi Yerusalemu. Akaenda mwaka 1523, na wakuu wa Wafransisko waliotunza mahali patakatifu wakamwamuru aondoke. Akarudi Hispania, na mtu huyo aliyekaribia umri wa miaka 33 akaketi darasani Barcelona pamoja na watoto kujifunza Kilatini. Mwaka 1534, huko Paris, yeye na wenzake sita waliweka nadhiri. Yafaa kutazama jinsi walivyoipanga. Waliahidi kwenda Yerusalemu; lakini kama safari isingewezekana, baada ya kungoja mwaka mmoja wangejitoa kwa Baba Mtakatifu awatume popote. Walipofika Venezia vita vya Waturuki vilifunga njia ya bahari. Walingoja, meli haikupatikana, wakaenda Roma. Shirika la Yesu lilikubaliwa mwaka 1540, na Ignatius alikufa Roma mwaka 1556 bila kuuona tena Yerusalemu. Neno lile "kama isingewezekana" lilikuwa kibuyu chake cha mbegu.

Hata hivyo tuwe waangalifu na mifano ya wakubwa, kwa kuwa habari zao husimuliwa kutoka mwisho. Sote twajua kwamba Julius Nyerere aliacha ualimu wa Pugu mwezi wa Machi 1955, akapata kuongoza nchi mpaka uhuru wa mwaka 1961. Ukilisimulia hivyo, kuacha kazi kwaonekana jambo jepesi. Lakini mwaka 1955 hapakuwa na 1961. Palikuwa na mume kijana mwenye familia changa, aliyeacha mshahara na kurudi kwao Butiama, na ambaye kwa muda alijipatia riziki kwa kumfundisha padre wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Wako wengine walioacha kazi kwa dhamiri safi miaka ile, wala hakuna aandikaye habari zao. Nao hawakukosea kwa sababu hiyo. Uamuzi hupimwa kwa yale ambayo mtu aliweza kuyajua siku ya kuamua, si kwa yaliyotokea baada yake.

Yatupasa sasa kusema jambo ambalo wahubiri wa subira huliruka. Kuna kutojua kwa namna mbili. Kuna kule tulikokwisha kueleza, kunakotokana na uhuru wetu, na huko twaweza kukupokea kwa moyo wa amani. Na kuna kule kunakotengenezwa na watu. Kijana ameomba kazi mara 40 bila kujibiwa. Baadaye asikia kwamba nafasi ile alikwisha kupewa mpwa wa bwana mkubwa kabla tangazo halijabandikwa. Kwa huyo kesho haikuwa wazi. Ilikuwa imefungwa, naye akafichwa kufuli. Kumwambia kwamba apokee hali hiyo kama mapenzi ya Mungu ni kumsingizia Mungu upendeleo wa binadamu.

Tena kibuyu cha akiba hakimo katika kila nyumba. Mtoto wa mwenye mali aweza kujaribu chuo, akaacha, akajaribu duka, likafilisika, akajaribu tena. Watu husema anajitafuta. Mtoto wa mjane akijaribu mara moja akaanguka, ameanguka pamoja na ada za wadogo zake. Basi tusihubiri ushujaa kwa kipimo kimoja. Sheria yazitaka halmashauri zetu kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vijana; wenye haki hiyo waende wakaiulize. Lakini na jumuiya zetu ndogo ndogo je? Twachanga kwa moyo kodi ya ukumbi, keki na muziki wa usiku mmoja. Cherehani moja, au ada ya kozi fupi ya ufundi katika chuo cha VETA, yatushindaje? Twauliza tu, ijapokuwa twajua kwamba wengine hawatalipenda swali hili.

Kwa wazazi tuna ombi dogo. Matokeo ya Kidato cha Nne hutoka kila mwanzo wa mwaka, na ya Kidato cha Sita katikati yake, na nyakati hizo maneno ya mezani huwa makali. Mtoto aliyefaulu hupangiwa maisha yote kabla hajamaliza sahani yake. Aliyeshindwa hupewa mfano wa jirani, ingawa wazee walikwisha kutuonya kwamba bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Badala ya kumwuliza atakuwa nani, mwulizeni baba na mama mambo anayoweza kuyajibu: ni kazi gani alipoifanya mwezi uliopita alisahau njaa, ni nani amemwona akifanya kazi na kutamani kukaa karibu naye, wiki hii atafanya nini kwa mikono yake. Na akisema hajui, msimjibu siku hiyo. Mwambieni tu chakula kipo.

Nanyi mlio wakuu wa ofisi na mashirika, pamoja na yale ya Kanisa, mnaopokea maombi ya kazi kwa mamia, wajibuni. Hatusemi muwaajiri wote, hamwezi. Lakini kijana aliyetuma barua na asijibiwe hajui kama aende Mwanza kwa dada yake au abaki, kama akubali kibarua cha miezi mitatu au akikatae, na miezi yake mnayo ninyi katika droo. Ujumbe mfupi wa simu wenye neno "umekosa," ukifika katika majuma mawili, hugharimu shilingi chache.